Isabelino Gradín, Mshambulizi wa Montevideo

Katika mashindano ya kwanza ya mataifa ya Amerika ya Kusini, mwaka 1916, aliyewatia wenziwe kiwewe alikuwa kijana mweusi wa kizazi cha watumwa. Isabelino Gradín alizaliwa Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, mwaka 1897, akachezea klabu ya Peñarol.

Timu nne zilikutana Buenos Aires: Argentina, Brazili, Chile na Uruguay. Tarehe 2 Julai Uruguay ikaichapa Chile mabao 4 kwa bila. Gradín alitia mawili. Kesho yake Wachile wakaleta mashtaka kwamba Uruguay imechezesha Waafrika wawili, yaani Gradín na Juan Delgado. Waafrika gani, ilhali wote wawili wamezaliwa Uruguay? Hebu fikiri, msomaji: kijana wa miaka 18 akanwa nchi yake kwa rangi ya ngozi, tena baada ya kufunga! Mashtaka hayo hayakufua dafu. Gradín akaifunga Brazili pia, akawa mfungaji bora kwa mabao 3, na ubingwa ukaenda Uruguay.

Miguu ile haikuwa ya gozi tu. Mwaka 1919 alikuwa bingwa wa Amerika ya Kusini katika mbio za mita 200 na 400. Mshairi Juan Parra del Riego, mzaliwa wa Peru, alimtungia shairi, heshima ambayo wachezaji wachache huipata kwetu sisi watunzi.

Mali hakuipata. Alifariki Desemba 1944, maskini, akiwa na miaka 47.