Elizabeth Magie na Mchezo wa Kabaila: Somo kwa Mwalimu wa Hisabati

Wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha hutuuliza mara kwa mara ni zana gani ifaayo kwa mahesabu ya fedha. Wengi wao hutaja duka la darasani, nalo lina manufaa yake. Lakini iko zana nyingine, yaani mchezo wa ubao na dadu ambao wachezaji wake hununua, hupangisha na kulipana. Mchezo wa aina hiyo ujulikanao zaidi duniani ni Monopoly. Katika makala haya twapenda kueleza maisha ya mwanamke aliyeuwekea msingi, kwa kuwa yaliyoupata mchezo wake yanamhusu kila mwalimu aingizaye mchezo darasani.

Elizabeth Magie alizaliwa mwaka 1866 katika mji wa Macomb, jimbo la Illinois, Marekani. Baba yake alikuwa mwenye gazeti na mpinzani wa utumwa. Ndiye aliyempa bintiye kitabu cha Henry George kilichotolewa mwaka 1879. Mwandishi huyo aliona kwamba thamani ya ardhi huletwa na jamii nzima inayoizunguka, wala si na mwenye ardhi peke yake. Kwa hiyo kodi ya ardhi yapasa iingie katika hazina ya wote.

Alipokuwa mtu mzima, Magie alifanya kazi ya hati mkato na kupiga chapa katika eneo la Washington. Mwaka 1893 alipata hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi, kwa kifaa cha kurahisisha upitishaji wa karatasi katika taipu. Jioni alikuwa akiwafundisha watu mawazo ya Henry George. Hapana shaka alitambua jambo ambalo kila mwalimu hulitambua: maneno matupu hayatoshi, sharti mwanafunzi aguse na atende.

Ndipo alipobuni mchezo ambao sisi tutauita Mchezo wa Kabaila. Alipata hataza yake tarehe 5 Januari 1904. Ubao wake ulikuwa wa mraba, na wachezaji waliuzunguka wakinunua viwanja na kutozana kodi. Kila aliyekamilisha mzunguko alipokea mshahara wa dola 100. Palikuwa na reli, gereza, bustani ya umma na nyumba ya maskini. Tangu mwaka 1902 Magie alikuwa ameandika kwamba watoto wa miaka tisa au kumi wangeweza kuuelewa bila taabu.

Kiini cha mchezo huo kilikuwa katika kanuni zake, ambazo hatimaye zilikuwa za namna mbili. Kwa kanuni za kwanza, kodi iliingia mfukoni mwa mwenye kiwanja, hata mmoja akatajirika na wengine wakafilisika. Kwa kanuni za pili, kodi ya ardhi iliingia katika hazina ya wote, na kila mchezaji akafaidika. Mchezaji alitakiwa alinganishe matokeo, kisha aamue mwenyewe.

Mchezo ulichapishwa New York mwaka 1906. Mwanauchumi Scott Nearing aliutumia kufundishia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Watu wengi walijichorea ubao kwa mkono na kuwapa rafiki zao. Katika kupokezana huko kanuni za pili zilisahauliwa, zikabaki zile za kumfilisi mwenzako. Mwaka 1935 Charles Darrow aliuza mchezo wa namna hiyo kwa kampuni ya Parker Brothers, akatajirika na kusifiwa kuwa ndiye mvumbuzi. Mwaka huohuo kampuni hiyo ilinunua hataza ya Magie kwa dola 500 tu. Mama huyo alilalamika magazetini mwaka uliofuata, lakini alifariki mwaka 1948 akiwa amesahauliwa. Habari zake zilifufuliwa katika miaka ya 1970, wakati wa kesi iliyohusu jina la Monopoly.

Sisi nasi tuliwahi kulipoteza somo lake. Tulipokuwa walimu wapya katika shule moja ya msingi, tulichora ubao juu ya boksi kuukuu, tukatumia mbegu kuwa fedha. Watoto wa darasa la tano walijumlisha, walitoa na kurudisha chenji vizuri kuliko siku yoyote. Kengele ilipolia tukamsifu mshindi, tukafunga kipindi. Kesho yake mtoto aliyefilisika mapema alituuliza angefanya nini ili asifilisike, ilhali kila alipokanyaga palikuwa na mwenyewe. Hatukuwa na jibu, kwa maana hatukuwa tumeliandalia swali hilo nafasi.

Kwa hiyo, mwanachuo, ukitumia mchezo huu, uchezeshe mara mbili kwa kanuni zote mbili. Kila mtoto aandike katika daftari mapato, matumizi na baki yake kila mzunguko. Kisha tenga robo ya kipindi walinganishe jumla zao na waeleze kwa nini zimetofautiana. Kutoa na kujumlisha watajifunza wakati wa kucheza. Lakini sababu ya fedha kumwendea huyu na kumkimbia yule wataijua tu iwapo mwalimu ameiuliza.