Al-Sufi na Kiwingu cha Angani

Usiku usio na mwezi, wavuvi wa kisiwa cha Rukuba, mkoani Mara, huiona mbingu imejaa nyota. Mbingu hiyo ndiyo aliyoichunguza Abdul-Rahman al-Sufi, aliyezaliwa Rayy, Uajemi, mwaka 903. Akiwa Isfahan, hakuridhika kunakili orodha ya nyota ya Ptolemy. Aliipitia upya kwa macho yake, bila darubini. Katika kitabu chake cha mwaka 964 alitaja kiwingu katika eneo la Andromeda. Hakujua ni kitu gani, lakini alikiandika. Alifariki mwaka 986. Miaka ya 1920, Mmarekani Edwin Hubble alithibitisha kuwa kiwingu hicho ni galaksi nyingine, nje ya hii yetu. Basi na tuwafunze watoto wetu uaminifu huo: kuandika walichokiona, hata kabla hawajakielewa.