Barack Obama Mkubwa: Mchumi na Suala la Ardhi

Kipini ni mji mdogo ulioko mahali ambapo mto Tana humimina maji yake katika Bahari ya Hindi. Kwenye delta ya mto huo, Wapokomo hulima kingoni na Waorma huleta mifugo wakati wa kiangazi. Je, ardhi itumiwayo hivyo yafaa kukatwakatwa na kila mtu kupewa hati yake? Suala la umiliki wa namna hii lilizushwa mwaka wa 1965 na mchumi ambaye hakuwa mwenyeji wa Tana, naye ni Barack Hussein Obama.

Obama alizaliwa Kanyadhiang, Nyanza, katika miaka ya 1930. Alisoma Maseno bila kumaliza, kisha akafanya kazi ya ukarani. Hata hivyo, hakuiacha elimu. Mwaka wa 1959 alijiunga na Chuo Kikuu cha Hawaii, akiwa mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika chuoni humo. Alihitimu katika uchumi mwaka wa 1962, akaendelea Harvard. Mwaka wa 1964 alilazimika kurejea nyumbani akiwa na uzamili tu, uzamifu haujakamilika.

Mwaka uliofuata, serikali ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, ulioandaliwa chini ya Tom Mboya, rafiki aliyekuwa amemsaidia Obama. Waraka huo ulipendelea hati za mtu binafsi, na mtaji uelekezwe kwenye maeneo yenye rutuba, mvua na njia za usafiri. Sehemu kama Kipini zilibaki nyuma ya foleni. Urafiki haukumziba Obama kinywa. Katika jarida la East Africa Journal la Julai 1965, alipendekeza ardhi iunganishwe kupitia ushirika wa koo, akahoji pia jinsi uchumi utakavyotolewa mikononi mwa wachache.

Ushauri huo haukufuatwa. Mboya aliuawa mwaka wa 1969, na Obama akatoa ushahidi kesini. Baadaye alipoteza kazi, ulevi ukamzidi, na mwaka wa 1982 akafa katika ajali ya barabarani jijini Nairobi.

Wengi humkumbuka kama baba wa rais wa Marekani. Sisi wanafunzi tuna sababu nyingine ya kumkumbuka: aliitumia taaluma yake kuwahoji wakubwa, hata waliomfadhili. Mwaka wa 2016, miaka 51 baada ya makala yake, Kenya ilitunga Sheria ya Ardhi ya Jamii, inayoziruhusu jamii kusajili ardhi kwa pamoja.