Pipa Linalala, Nani Analipa Kodi ya Nyumba?

Mwaka wa mwisho una ugonjwa wake. Kila ukikaa kantini unakuta watu watatu wanapanga biashara juu ya sahani ya wali maharage, na boom lenyewe bado halijaingia. Ugonjwa huo umenishika na mimi. Mimi na mchumba wangu tunataka kutengeneza mvinyo wa rozela. Yeye anasoma biashara, mimi uhandisi wa kemikali. Tena nyumbani Rombo nimekua nikimwona mama akiotesha ulezi apate kimea cha mbege, na mbege hiyo ndiyo iliyolipa ada yangu. Kwa hiyo mambo ya kuchachua hayatutishi. Tunagombana juu ya swali moja tu: biashara ikichelewa kulipa, nani kati yetu atafute mshahara?

Ndipo nikayasoma maisha ya Masataka Taketsuru, yule anayeitwa baba wa wiski ya Japani. Nimeyasoma kama mkaguzi wa hesabu: kila mwaka nauliza, hapa walikula nini?

Alizaliwa 1894 huko Takehara, mkoa wa Hiroshima, katika ukoo wa wapika sake, pombe ya mchele. Kampuni moja ya pombe ya Osaka ikampa kazi, na mwaka 1918, akiwa na miaka 24, ikamtuma Scotland kujifunza wiski. Wakati huo kilichouzwa Japani kwa jina hilo mara nyingi kilikuwa spiriti iliyotiwa rangi na ladha.

Alisoma kemia Glasgow, lakini akaona darasa peke yake halimtoshi. Akaanza kubisha hodi viwandani kuomba fildi, kama sisi tunavyohangaika na barua zetu. Mwaka 1919 alipokelewa Longmorn kwa siku chache, na 1920 akapata muda mrefu zaidi Hazelburn, mjini Campbeltown. Aliandika kila kitu kwenye madaftari: shayiri inavyooteshwa kuwa kimea, inavyokaushwa, inavyochachushwa, kisha inavyochemshwa kwenye mitungi ya shaba ili mvuke upoe na kuwa kinywaji kikali. Mpaka hapo hata wapika gongo wa mtaani wangemwelewa. Tofauti inaanza baadaye, kwenye pipa la mwaloni, ambamo wiski inalala miaka ikipata rangi na kupunguza ukali. Miaka hiyo huuzi kitu, na mwenye nyumba anadai kodi yake vilevile.

Huko huko alimpata Rita Cowan, binti wa daktari wa Kirkintilloch. Baba yake Rita alikuwa amefariki, na Masataka aliingia nyumbani mwao kwa kumfundisha judo mdogo wake Rita wa kiume. Walifunga ndoa Januari 1920, ofisi ya serikali, bila sherehe, maana pande zote mbili za ukoo zilikataa. Mwishoni mwa mwaka huo wakaenda Japani.

Walipofika, uchumi ulikuwa umeyumba na kampuni iliyomtuma haikuwa na fedha za kujenga kiwanda. Mwaka 1922 akaacha kazi. Mtu aliyevuka bahari na madaftari ya siri za wiski akawa mwalimu wa kemia sekondari. Rita naye akafundisha Kiingereza na piano. Sehemu hii niliisoma mara mbili.

Mwaka 1923 akaajiriwa na mfanyabiashara Shinjiro Torii, akamjengea kiwanda cha Yamazaki, kati ya Osaka na Kyoto. Wiski yao ya kwanza ilitoka 1929, na wateja hawakuipenda. Harufu ya moshi iliwashinda. Mwaka 1934 Masataka akaondoka, akiwa na miaka 40, kwenda kuanza upya Yoichi, kisiwani Hokkaido. Alipachagua kwa sababu ya baridi na upepo wa bahari vilivyofanana na Scotland.

Mtaji ulitoka wapi? Mmoja wa wawekezaji wake wa kwanza, Shotaro Kaga, ni mtu ambaye mke wake alikuwa mwanafunzi wa Kiingereza wa Rita. Yale masomo ya kuganga njaa ndiyo yaliyofungua mlango.

Na wiski ilipokuwa bado, Yoichi kulikuwa na matufaha. Wakaanza na juisi, na kampuni ikasajiliwa kama kampuni ya matunda. Hata juisi ilisumbua, maana ilikuwa safi mno na bei yake juu. Chupa ya kwanza ya wiski ilitoka 1940, ikaitwa Nikka, kifupi cha lile jina la kampuni ya juisi. Toka ndoa yao ilikuwa imepita miaka 20.

Halafu vita. Jeshi la majini la Japani lilinunua wiski yao, kwa hiyo kiwanda kilipona. Rita, ingawa alikuwa raia wa Japani, alitiliwa shaka kuwa jasusi na kufuatiliwa na polisi, katika mji uleule ambao mume wake alitoa ajira. Hasara hiyo haimo kwenye daftari lolote la mauzo.

Rita alifariki Januari 1961, akiwa na miaka 64. Masataka aliishi mpaka 1979. Wamezikwa pamoja juu ya kilima Yoichi, na kule chini mitungi ya kiwanda bado inachemshwa kwa makaa ya mawe, kama alivyoona Scotland.

Juzi nilimwonyesha mchumba wangu hesabu hii, mwaka kwa mwaka. Tumekubaliana nianze mimi: nitafundisha tuisheni ya kemia miaka miwili ya kwanza, yeye asimamie rozela, kisha tubadilishane. Ametoa sharti moja. Siku tukienda BRELA kusajili, majina yaandikwe mawili, na la kwake lisije likaongezwa baadaye kwa kalamu. Nimekubali bila ubishi.