Mzungu wa Kazi: Maisha ya Alexander Mackay

Inapotajwa habari ya kumjengea nyumba mjane au mzee asiye na mtu, wengi wetu hufikiri kwanza juu ya sadaka ya mabati, misumari na saruji. Hayo ni mema. Lakini tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipoangusha nyumba nyingi hapa Kagera, tulijifunza kwamba bati halipandi juu ya paa lenyewe. Mikono yatakiwa. Kwa hiyo tumeona vema kukumbushana maisha ya mtu aliyemtumikia Mungu kwa nyundo na msumeno kando ya Ziwa letu.

Alexander Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Scotland, mtoto wa mchungaji. Alisomea uhandisi, akafanya kazi ya mitambo mjini Berlin. Zilipotoka habari kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda anataka walimu, alijitoa kwa chama cha CMS, akafika Zanzibar mwezi Mei 1876.

Kazi yake ya kwanza haikuwa mimbarani. Mwaka 1877 aliongoza kazi ya kukata barabara kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, kama kilometa 370. Mwaka uliofuata, yeye na Padre Wilson walipokuwa wakivuka Ziwa, dhoruba iliitupa mashua yao, Daisy, kwenye ufuko wa magharibi, upande wetu huu. Mbao za kuitengeneza hazikuwapo. Mackay alikata sehemu ya katikati ya mashua, akatumia mbao zake kuziba mbele na nyuma. Baada ya majuma kama manane mashua ilielea tena, fupi lakini nzima, na Novemba 1878 akafika Buganda.

Huko Natete alijenga nyumba na karakana, akachimba kisima, akachapa Maandiko kwa Kiganda. Watu wakamwita Mzungu wa Kazi. Vijana walikaa karibu naye, wakajifunza kusoma na kushika vyombo vya kazi. Hapo ndipo uchungu ulipompata. Tarehe 31 Januari 1885, wakati wa Kabaka Mwanga, vijana watatu Wakristo, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa. Mackay hakukimbia. Aliendelea na kazi mpaka alipolazimishwa kuondoka mwaka 1887.

Akavuka kwenda Usambiro, kusini mwa Ziwa, akaanza upya: nyumba ya udongo yenye kuta nene, karakana, mtambo wa kuchapa. Mwaka 1889 Stanley na msafara wake walipumzika hapo kama majuma matatu. Stanley alitaka waondoke pamoja kwenda Ulaya, lakini Mackay hakukubali kuiacha kazi bila mtu wa kuishika. Tarehe 8 Februari 1890 alifariki kwa homa, akiwa na miaka 40, bila kurudi kwao hata mara moja. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala.

Ndugu, si kila mmoja wetu ni mhandisi. Lakini tuangalie mambo mawili. Kwanza, Mackay hakungoja vifaa vyote vitimie; alitumia alichokuwa nacho. Pili, alifundisha. Fundi ajitoleaye siku moja peke yake huacha ukuta; akiwa na kijana pembeni anayejifunza kupima na kupiga timazi, huacha ukuta na fundi.

Wala jambo hili si geni kwetu. Msonge wa wazee wetu haukuwa kazi ya mtu mmoja. Majirani walileta miti, matete na nyasi, wakajenga pamoja. Basi siku ya kazi itakapotangazwa kanisani, mwenye ujuzi aje na ujuzi wake, mwenye nguvu aje na nguvu zake, na asiyeweza kubeba tofali alete maji ya kunywa. Tusimtume mtoto na jembe kwa niaba yetu. Twende wenyewe.