Zack Clayton: Refa aliyehesabu hadi kumi Kinshasa

KILA ninapotoka Lilongwe na mzigo kwenda kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, mwendo wa kilomita zipatazo 45, najua kuwa wazee wa Kikongo pale sokoni hawatakosa kulitaja pambano la Kinshasa. Wapo wanaoapa kuwa George Foreman alihesabiwa harakaharaka. Wengine wanasema alikuwa amekwisha. Siku moja niliwauliza jina la refa aliyehesabu. Wakatazamana. Hakuna aliyelijua.

Aliitwa Zack Clayton.

Alizaliwa Virginia, Marekani, akakulia mjini Philadelphia. Kabla ya ngumi alikuwa mchezaji hodari wa mpira wa kikapu. Mwaka 1939 alikuwamo katika timu ya weusi ya New York Rens iliyotwaa ubingwa wa dunia wa kulipwa mjini Chicago, na mwaka 1943 akalitwaa tena taji hilo akiwa na Washington Bears. Alichezea pia Harlem Globetrotters, na besiboli katika ligi za weusi. Ligi kuu ya besiboli ilikuwa imewafungia weusi mlango hadi mwaka 1947, hivyo miaka yake mizuri ilipita akiwa nje ya uzio.

Alipogeukia kazi ya urefa wa masumbwi, mlango mwingine ukafunguka. Juni 5, 1952, mjini Philadelphia, alisimama kati ya Jersey Joe Walcott na Ezzard Charles, akawa mtu mweusi wa kwanza kuchezesha pambano la ubingwa wa dunia uzito wa juu. Lilikwenda raundi zote 15 na Walcott akashinda kwa pointi.

Miaka 22 baadaye akapelekwa Zaire. Pambano lilikuwa lifanyike Septemba 1974, lakini Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, likasogezwa hadi Oktoba 30. Kengele ililia alfajiri. Foreman alikuwa na miaka 25, hajapoteza hata pambano moja kati ya 40. Ali alikuwa na miaka 32. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5.

Ali akaegemea kamba, akajikinga na kumwacha mwenzake apige hadi achoke. Wapo wanaomlaumu Clayton kwa kumwachia Ali amkandamize Foreman shingoni kila waliposhikana. Lawama hiyo ina uzito wake. Lakini kamba nazo aliziachia: Ali alipoonekana kuzidiwa pale, refa mwenye hofu angeweza kulikatisha pambano. Clayton alitazama, akaona bado anajikinga na kujibu, akaacha waendelee.

Raundi ya nane ikielekea mwisho, Foreman akaanguka. Kwa kanuni, hesabu huanzwa na mtunza saa aliye nje ya ulingo. Refa humsogeza aliyebaki amesimama, kisha huipokea hesabu pale ilipofika, bila kuanza upya. Asiyeijua kanuni hiyo huona kama namba zimerukwa. Foreman alianza kuinuka, lakini hesabu ikaisha kabla hajasimama sawasawa. Clayton akapunga mikono. Kwenye karatasi za pointi, maofisa wote watatu walikuwa tayari wamempa Ali uongozi.

Clayton alifariki Novemba 1997 mjini Philadelphia. Mwaka 2017, miaka 20 baadaye, jina lake liliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kikapu Marekani. Ali alifariki mwaka 2016, naye Foreman mwaka 2025.

Niliwasimulia wazee wa Dzaleka hayo yote. Ubishi haukwisha, ila uligeuka. Kambi ile, iliyokuwa gereza kabla ya kupokea wakimbizi mwaka 1994, ilikusudiwa watu wasiozidi 12,000, na miaka ya karibuni wamepita 50,000. Pale kila mtu anajua maana ya kuhesabiwa: siku ya uhakiki ukikosa jina, umekosa mgawo. Sisi wa mpakani tunajua pia, afisa anapohesabu magunia nawe umesimama kando umeshika karatasi zako. Aliyefungua orodha ya kurudi nyumbani anajua zaidi.

Mzee mmoja aliyekuwa upande wa Foreman miaka yote aliniomba nimwandikie jina la refa kwenye karatasi. Bado anasema hesabu ilikuwa ya haraka. Sasa, angalau, anajua anabishana na nani.