Dakta Frantz Fanon

Napenda kuwaeleza kwa ufupi habari za tabibu mmoja aliyeishi miaka michache tu.

Dakta Fanon alizaliwa mwaka 1925 katika kisiwa cha Martinique, akasomea utabibu Ufaransa. Mwaka 1953 alikwenda Algeria kuwatibu wagonjwa wa akili katika hospitali ya Blida. Huko aliwapatia kiwanja cha mpira, mkahawa, hata gazeti lao wenyewe, kama hili letu!

Mwaka 1957 alihamia Tunis. Baadaye alifungua kliniki ya akili ndani ya hospitali ya magonjwa yote, iitwayo Charles Nicolle. Mgonjwa alifika asubuhi, jioni akarudi kwa watu wake. Mwili na akili vikatibiwa mahali pamoja.

Niliposoma hayo nilimkumbuka babu yangu, kwetu Bukundi. Alikatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari. Kidonda kilipona vizuri, lakini yeye alinyamaza, akakataa chakula, akawa analala ameelekea ukutani. Nyumbani tulisema ni uzee. Mimi ndiye niliyempelekea uji, wala sikumwuliza lolote.

Fanon naye aliugua saratani ya damu. Katika ugonjwa huo alimaliza kitabu chake cha mwisho. Alifariki Marekani tarehe 6 Desemba 1961, akiwa na miaka 36, siku tatu kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Alizikwa Algeria.

Babu yangu yu hai. Likizo ikifika nitaketi naye, nimwulize.